Mtu wa Mstari wa Mbele

Nilifika mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa Septemba mwaka 1976. Nauli yangu ilikuwa imechangwa na watu wa kwetu katika harambee iliyofanywa chini ya mwembe mbele ya shule. Mjomba wangu, aliyekuwa mweka hazina wa mchango ule, aliandika katika daftari majina ya wote waliotoa: huyu shilingi tano, huyu kuku, huyu mayai kumi. Siku ya kuondoka alinipa nakala ya daftari hilo mkononi, wala hakusema neno. Nililitia ndani ya sanduku, chini kabisa ya nguo, na kwa muda wa miezi minne sikuthubutu kulifungua.

Nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mgane, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli. Mzee huyo alipenda vitu viwili duniani, kahawa nyeusi na timu ya Minnesota Vikings, nami sikuvipenda vyote viwili. Siku moja ya Desemba alinivika koti lake la zamani, akanipa soksi jozi tatu nizivae pamoja, akanichukua hadi Metropolitan Stadium katika mji wa Bloomington. Uwanja ule haupo tena leo. Ulibomolewa, na mahali pake pamejengwa soko kubwa lenye paa. Wakati ule haukuwa na paa wala ukuta wa kuzuia upepo. Niliona pumzi yangu ikitoka kinywani kama moshi wa jikoni, na masikio yangu yaliuma mpaka nikadhani yatakatika.

Nilishangaa kuona kwamba wachezaji wa timu ngeni walikuwa na majiko ya kuota moto kando ya uwanja, na wenyeji hawakuwa na hata moja. Mzee alinieleza kuwa kocha wao, Bud Grant, alikuwa amepiga marufuku majiko hayo. Alitaka watu wake wafikirie mchezo, wasifikirie moto.

Msomaji asiyeujua mchezo huo wa Kimarekani na anivumilie kidogo. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, na isipofaulu huupoteza mpira. Nyuma ya timu hiyo husimama kiongozi wa mashambulizi, anayeitwa kwotabeki, ambaye huupokea mpira na kuamua kama atautupa mbali au atampa mwenziwe akimbie nao. Yeye ndiye anayepigwa picha, naye ndiye anayelipwa zaidi. Lakini mbele yake, bega kwa bega, huinama wanaume wakubwa walioweka mkono mmoja chini, na mkabala wao, umbali usiofika hata hatua moja, huinama wanaume wengine wakubwa wa timu ya pili. Hao wa pili ndio walinzi wa mstari wa mbele. Kazi yao ni kupita katika ukuta ule wa watu na kumfikia mwenye mpira kabla hajafanya alilokusudia. Ni nadra sana mlinzi wa namna hiyo kupata pointi. Hugongana na mwenziwe, huanguka, huinuka, huinama tena, labda mara 60 kwa mchezo mmoja.

Kwa macho yangu ya mgeni niliona mafahali tu. Nilimwambia mzee hivyo. Akanijibu, "Usiutazame mpira, kijana. Mtazame yule mwenye namba 88 mgongoni."

Nikamtazama. Alikuwa mrefu, mweusi kama mimi, mwembamba kuliko wenzake wa mstari ule. Ajabu yake ilikuwa kuondoka. Mpira ulipotikisika, yeye alikuwa ameshaondoka mahali pake. Wengine walipoinuka, yeye alikuwa amepita. Mtu aliyepewa kazi ya kumzuia aliubembea mkono wake hewani, kama mtu anayetaka kumshika nzi. Mara tatu au nne nilimwona akifika kwa kwotabeki na kumwangusha, na kila mara aliondoka pale bila kurukaruka wala kupiga kelele, akarudi mahali pake kuinama tena.

Jina lake lilikuwa Alan Page. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Alikuwa na miaka 13 mama yake alipofariki. Canton ndio mji ambamo chama cha mchezo huo cha wachezaji wa kulipwa kiliundwa mwaka 1920, na kwa sababu hiyo likajengwa huko jumba la kuwaheshimu wachezaji bora, likafunguliwa mwaka 1963. Miongoni mwa vibarua walioajiriwa katika ujenzi wa jumba hilo alikuwamo Page mwenyewe, bado ni kijana wa shule.

Kutoka Canton alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1966 timu ya chuo hicho ilikuwa bingwa wa taifa zima. Mwaka 1967 Vikings walimchagua. Pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen alifanya mstari wa watu wanne uliotisha sana, hata ukaitwa Walaji Watu wa Zambarau, kwa ajili ya rangi ya nguo zao na wimbo mmoja wa mzaha uliopendwa mwaka 1958. Mwaka 1971 alipewa heshima ya kuwa mchezaji bora kuliko wote katika chama kizima. Kabla yake hakuna mlinzi aliyewahi kupata heshima hiyo. Siku zote ilikuwa ya wale wanaoshika mpira. Mzee wangu alilieleza jambo hili kwa fahari kubwa, utadhani alikuwa amezaa yeye.

Sasa nirudi kwenye mambo yangu, ambayo hayakuwa mazuri. Majuma machache baada ya mchezo ule nilipata barua kutoka chuoni. Katika masomo manne ya muhula wa kwanza nilikuwa nimeshindwa mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa hisabati, somo ambalo kwetu nilisifiwa kwalo hata wazee wakaniita profesa. Sababu nilizijua. Nilikuwa nimepata kazi ya usiku katika ghala, kupakia masanduku, na fedha zile zilinilevya. Asubuhi nilisinzia darasani. Nisipomwelewa mwalimu niliona aibu kuuliza, nikanyamaza, na kutokuelewa kwa leo kukazaa kutokuelewa kwa kesho. Niliificha barua chini ya godoro. Nilianza kuwaza kuwa niache chuo, nifanye kazi ya ghala mchana na usiku, nipeleke fedha nyumbani, na watu wa kwetu wadhani ninasoma. Wazo hilo lilinijia likiwa limevaa nguo za wema. Ilionekana kama ningewasaidia.

Tarehe 9 Januari 1977 Vikings walicheza mchezo wa mwisho wa mwaka, uitwao Super Bowl, dhidi ya Oakland. Tuliutazama katika televisheni ya mzee. Walishindwa kwa pointi 32 kwa 14. Hiyo ilikuwa mara ya nne: walikuwa wameshindwa mchezo huo Januari 1970, wakashindwa 1974, wakashindwa 1975, na sasa tena. Page alikuwamo mara zote nne. Mzee alizima televisheni, akakaa gizani kwa muda. Nilitafuta neno la kumfariji, nikasema kwamba bila shaka wachezaji wale watalia usiku kucha.

Akasema, "Wengine, labda. Page ana vitabu vyake vya sheria."

Nilidhani anafanya mzaha. Ndipo aliponieleza kuwa mtu yule alikuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chuo kile kile nilichosoma mimi, tangu mwaka 1975. Alikuwa na mshahara mzuri, jina kubwa, mke na watoto, na mwili uliochubuliwa kila Jumapili. Tena alikaa darasani pamoja na vijana walioandika maelezo ya mikataba na makosa ya jinai. Mzee akaongeza jambo moja, bila kujua alilokuwa akinitendea. Alisema kuwa hiyo ilikuwa mara ya pili. Zamani kidogo Page alikuwa amejiandikisha katika chuo kingine cha sheria, akaona masomo yamemzidi nguvu, akaacha baada ya majuma matatu.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Kama ningeambiwa tu kwamba mchezaji hodari amekuwa mwanafunzi hodari, nisingeguswa. Watu wa namna hiyo wapo, nao hutufanya sisi wengine tujione wadogo. Lililonigusa ni yale majuma matatu. Mtu ambaye wanaume wa ratili 250 hawakuweza kumzuia alikuwa amezuiwa na kitabu, akaondoka kimya kimya kama nilivyotaka kuondoka mimi, kisha miaka ikapita, akarudi mlangoni.

Usiku ule niliitoa barua chini ya godoro, nikampa mzee aisome. Aliisoma mara mbili. Hakunikemea. Aliniuliza kama mjomba wangu amejua. Nikasema hapana. Akainuka, akatia kahawa vikombe viwili, akaweka mbele yangu karatasi na kalamu, akaenda kulala.

Kumwandikia mjomba barua ile kulinichukua mpaka alfajiri. Nilifungua daftari la mchango nikalisoma lote, jina kwa jina, na nilipofika kwa bibi mmoja aliyetoa mayai kumi nilishindwa kuendelea. Niliandika kwamba nimeshindwa masomo mawili, nikaeleza na habari ya ghala. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Mjomba aliandika mistari miwili: kwamba daftari halikuwa deni la fedha, na kwamba niiache kazi ya usiku. Niliiacha. Muhula uliofuata niliketi safu ya mbele, nikauliza maswali ya kijinga mpaka wenzangu wakacheka. Lugha ya mwalimu ilianza kufunguka kidogo kidogo.

Page alipata shahada yake ya sheria mwaka 1978. Mwaka ule ule mzee wangu aliapa kutokwenda uwanjani tena, na kisa chake ndicho hiki. Mke wa Page, Diane, alikuwa ameanza kukimbia ili aweze kuacha sigara, na Page akakimbia pamoja naye. Aliupenda mchezo huo wa mbio ndefu kuliko alivyotarajia. Ratili zake 245 zikapungua, zikafika kama 225. Wakuu wa timu waliona kuwa mlinzi wa uzito huo atasukumwa kama mlango usio na komeo; yeye aliona kuwa yu mwepesi na mzima kuliko zamani. Hawakupatana. Oktoba 1978, katikati ya msimu, walimwachilia. Kwa kanuni za chama, timu yoyote iliyomtaka ilipaswa kulipa ada ya dola 100 tu. Timu ya Chicago Bears ikalipa.

Dola 100 kwa mchezaji bora wa mwaka 1971! Mzee alilitupa gazeti sakafuni. Mimi nililiokota, nikasoma habari ile pole pole, na nilivyoendelea kusoma nilizidi kutoona huzuni niliyoitazamia. Kwa kawaida mtu wa miaka 33 anayetupwa na timu yake hutupwa pamoja na maisha yake. Hana kazi nyingine anayoijua ila kugongana. Huyu alikuwa na shahada mfukoni. Alikwenda Chicago, akacheza misimu minne, akaangusha makwotabeki kama kawaida yake kwa mwili ule ule ulioitwa mwepesi. Mwaka 1979 alikimbia marathoni, maili 26 na zaidi, naye alikuwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa wachezaji wa chama chake ambao bado wanacheza. Mwaka huo huo alianza kazi katika kampuni ya mawakili ya Minneapolis. Alipostaafu mwaka 1981 alikuwa amecheza michezo 218 ya msimu mfululizo, asikose hata mmoja. Chama kilianza kuhesabu rasmi kuangushwa kwa makwotabeki mwaka 1982, yaani mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka. Waliorudi nyuma kuhesabu katika kumbukumbu za michezo wamempa 148 na nusu.

Sipendi msomaji adhani kwamba nausifu mchezo ule bila kikomo. Leo waganga wanajua kwamba vichwa vinavyogongwa mara kwa mara, hata vikiwa ndani ya kofia ngumu, vinaharibika ndani, na wapo wachezaji wa zamani waliosahau majina ya watoto wao. Hata bila ugonjwa huo, wengi wao walitoka uwanjani mikono mitupu. Page ameeleza mara nyingi jinsi siku moja, katika mkutano wa wachezaji, walivyotakiwa kusoma kwa sauti kitabu cha mipango ya mchezo, na baadhi ya wenzake hawakuweza kukisoma. Hao walikuwa wamepita vyuo vikuu. Walimu waliwafaulisha kwa sababu ya miguu na mabega yao, na hakuna aliyejali kama wanaweza kusoma sentensi moja. Nimefundisha hisabati huku kwetu miaka mingi tangu niliporudi, na mara nyingi nimemwona mwalimu mwenzangu, pengine mimi mwenyewe, akimfumbia macho mtoto kwa kuwa anakimbia vizuri siku ya mashindano. Tulijiona wenye huruma.

Mwaka 1988 Page aliingizwa katika jumba lile la Canton alilolijenga akiwa kibarua. Desturi ni kwamba mchezaji huchagua mtu wa kumtambulisha, na wengi huchagua kocha wao wa zamani. Yeye alimchagua mwanamke mwalimu, mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis. Kisha alisimama mbele ya wapenda mpira waliokuja kusikia visa vya uwanjani, akawahutubia juu ya elimu ya watoto. Mwaka huo huo alianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wa jamii zilizo chache kulipa karo ya chuo, kwa sharti moja: kila anayesaidiwa lazima naye atumie saa zake kuwasaidia watoto wadogo katika masomo.

Baada ya kuwa wakili alifanya kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka 1992 alitaka kiti katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Katika jimbo hilo majaji huchaguliwa kwa kura. Lakini gavana alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekikalia kiti kile, ili kusiwe na uchaguzi. Page alikwenda mahakamani kudai kwamba wananchi wapewe nafasi ya kupiga kura. Kwa kuwa majaji wa mahakama ile wasingeweza kuamua jambo linalomhusu mwenzao, waliwekwa majaji wa badala, nao wakampa haki. Akashinda kesi, kisha akashinda uchaguzi. Januari 1993 aliapishwa, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo, na wananchi walimchagua tena mara tatu. Alikaa mpaka mwaka 2015 alipotimiza miaka 70, ambao ndio mwisho wa umri wa jaji kwa sheria ya jimbo lile. Mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis iliacha jina la gavana wa kale aliyetaka Wahindi Wekundu wa kabila la Dakota waangamizwe au wafukuzwe, ikachukua jina la Jaji Page; wanafunzi wenyewe ndio walioianza kampeni hiyo. Mwaka 2018 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda, kinaelekea upande kama tawi lililokatwa vibaya, kwa sababu ya kuteguka tena na tena uwanjani. Mtu anayemwona katika joho la jaji, na tai yake ya kipepeo, huona kwanza kidole kile. Watoto humwuliza habari zake, naye ameandika pamoja na binti yake vitabu vya watoto, na kimojawapo ni cha kidole hicho.

Mzee wangu alitimiza kiapo chake, hakwenda uwanjani tena. Tuliandikiana mara moja au mbili kwa mwaka, na mwandiko wake ulizidi kutetemeka. Mwishoni mwa mwaka 1992 nilipata kadi yake, yenye picha ya ziwa lililoganda. Aliandika kuwa amekwenda kupiga kura kwa miguu, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo, na kwamba alipoliona jina la namba 88 katika karatasi alikaa kitambo kabla ya kuweka alama, asije akakosea kwa ajili ya macho yake. Halafu aliniuliza kama wanafunzi wangu wanajua kugawanya sehemu, na kama mvua za vuli zimekwisha anza kwetu.